Patrice Lumumba: jino moja lililobaki, na maisha yaliyo nyuma yake

Tarehe 20 Juni 2022, katika jumba la Egmont mjini Brussels, mwendesha mashtaka mkuu wa Ubelgiji aliwapa watoto wa Patrice Emery Lumumba kisanduku kidogo cha rangi ya buluu. Ndani mulikuwa jino moja lililofunikwa dhahabu. Ndilo tu lililobaki la mwili wa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Mifupa hakuna, nguo hakuna, kaburi halikuwako. Jino basi.

Hapa Bukavu jina lake tunalitaja kila siku bila kufikiri, juu barabara kubwa ya Ibanda inaitwa Patrice Emery Lumumba. Vijana wengi wanajua picha yake, miwani na ndevu kidogo, nywele zimegawanywa pembeni. Lakini maisha yake yalipita namna gani? Na namna gani jino moja likaweza kuishi zaidi ya mtu mwenyewe, likakaa miaka 61 mikononi mwa wengine, kisha likapewa heshima ya mazishi ya taifa? Katika makala hii tunapitia hiyo historia tangu mwanzo.

Mtoto wa Onalua

Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, upande wa Katako-Kombe, Sankuru. Ni Mutetela. Wazazi walimpa jina la Élias Okit'Asombo. Hilo la Patrice Lumumba alilichukua baadaye. Baba yake alikuwa mkulima. Mtoto alisoma kwa wamisionari, kwanza kwa Waprotestanti wa Methodiste, kisha kwa Wakatoliki. Masomo yake hayakuenda mbali sana, lakini kitabu alikipenda kupita kiasi. Alichokosa darasani alikitafuta mwenyewe usiku kwa kusoma.

Akiwa kijana alitoka kijijini kwenda kutafuta kazi. Alipita Maniema, jirani zetu, akafanya kazi ya ofisi katika kampuni ya migodi. Ndipo akapanda mpaka Stanleyville, leo Kisangani. Huko akaingia posta, akatumwa Léopoldville kujifunza kazi hiyo vizuri, akarudi kuwa karani. Wakati huo Mkongomani mwenye kusoma aliitwa évolué, na serikali ya kikoloni ilimpa karatasi ya kumtofautisha na wenzake kama ameonekana anaishi kama mzungu. Lumumba aliipata hiyo karatasi mwaka 1954. Alikuwa anaandika katika magazeti, anaongoza vyama vya wasomi, anahudhuria mikutano. Mwaka 1951 alikuwa ameoa Pauline Opango, binti wa kwao.

Tusifiche: mwaka 1956 alikamatwa juu ya pesa za posta. Alikubali kwamba alizichukua. Akahukumiwa, akafungwa, akatoka mwaka 1957. Wenye kumchukia walirudia hiyo habari mpaka mwisho. Wenye kumpenda walijibu kwamba karani mweusi alilipwa kidogo sana kuliko mzungu wa kazi ileile, na hapo aliombwa kuishi kama mzungu. Msomaji atapima mwenyewe.

Toka pombe mpaka siasa

Kisha gereza alihamia Léopoldville, akapata kazi ya kuuza bia ya Polar. Kazi hiyo ilimfaa. Alizunguka mitaa yote, akajulikana, akajifunza kusema mbele ya watu. Alikuwa anajua Kitetela, Kifaransa, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, kwa hiyo pahali pengi hakuhitaji mkalimani.

Mwezi wa Oktoba 1958 yeye na wenzake walianzisha chama cha MNC, Mouvement National Congolais. Vyama vingi vya wakati ule vilisimama juu ya kabila au eneo moja. MNC ilitaka Kongo moja, isiyogawanywa. Desemba ya mwaka uleule alikwenda Accra, Ghana, kwenye mkutano wa watu wa Afrika yote, akakutana na Kwame Nkrumah. Aliporudi hakuwa tena mtu wa kuomba marekebisho. Alidai uhuru.

Hata huku Kivu moto ulikuwa umewaka. Chama cha CEREA kilizaliwa Bukavu mwaka 1958, na mmoja wa viongozi wake, Anicet Kashamura, alikuja kuwa waziri wa habari katika serikali ya Lumumba. Kwa hiyo si kweli kwamba ile historia ni ya Kinshasa na Kisangani peke yake.

Mwisho wa Oktoba 1959 fujo zilitokea Stanleyville, watu wengi wakakufa, Lumumba akakamatwa tena. Januari 1960 akahukumiwa miezi sita. Lakini siku zilezile Ubelgiji ilikuwa imewaita viongozi wa Kongo Brussels kwenye mkutano wa meza ya mviringo, na wenzake walikataa kuendelea bila yeye. Alitolewa gerezani, akapandishwa ndege, akaingia mkutanoni. Siku ya uhuru ikapangwa: 30 Juni 1960.

Siku 67 za serikali

Katika uchaguzi wa Mei 1960, MNC ya Lumumba ilishika nafasi ya kwanza, ingawa ilikuwa mbali na nusu ya viti 137 vya bunge. Ilimbidi kuunganisha vyama vingi kusudi apate serikali. Joseph Kasa-Vubu akawa rais, yeye waziri mkuu.

Siku ya uhuru, mfalme Baudouin alisifu kazi ya Leopold II na ya Ubelgiji katika Kongo. Kasa-Vubu akajibu kwa upole. Lumumba hakuwa katika programu ya kusema, lakini alisimama. Akakumbusha kazi ya nguvu, matusi, viboko, ardhi iliyonyang'anywa, na wale waliopigwa risasi. Akasema waziwazi kwamba uhuru haukuwa zawadi, ulipiganiwa. Ukumbini Wakongomani walipiga makofi. Wabelgiji walikunja uso. Wengi wanaona kwamba siku ile ndipo maadui wake waliamua kumuondoa.

Mambo yaliharibika haraka. Tarehe 5 Julai askari wa Force Publique waliasi juu ya maofisa wao wazungu. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga, na Ubelgiji ikamsaidia. Lumumba aliita Umoja wa Mataifa. Askari wa kofia za buluu walikuja, lakini hawakuingia kuvunja utengano wa Katanga kama alivyotaka. Alipopokea msaada wa ndege na magari kutoka Urusi, Marekani ikamhesabu kuwa adui. Ilikuwa wakati wa vita baridi, na Kongo ilikuwa na shaba, kobalti na urani.

Tarehe 5 Septemba Kasa-Vubu alimfukuza katika redio. Naye akatangaza katika redio hiyohiyo kwamba anamfukuza Kasa-Vubu. Bunge lilikataa kumuacha Lumumba. Lakini tarehe 14 Septemba kanali Joseph-Désiré Mobutu alichukua madaraka. Tangu Oktoba Lumumba alikuwa kama mfungwa katika nyumba yake. Askari wa Umoja wa Mataifa walizunguka nyumba wakimlinda. Askari wa Mobutu walizunguka nyuma yao wakingoja atoke.

Mto Sankuru

Usiku wa tarehe 27 Novemba 1960, mvua ikinyesha, alitoroka kwa gari. Alitaka kufika Stanleyville, ambapo Antoine Gizenga alikuwa anakusanya watu wake. Njiani wananchi walimtambua kila pahali, wakataka aseme nao, naye akawa anasimama kusema. Saa zikapotea. Alipofika Lodi, kwenye mto Sankuru, askari walikuwa karibu. Kadiri inavyosimuliwa, yeye alikuwa amekwisha kuvuka, lakini mke wake Pauline na mtoto wao mdogo Roland walibaki ng'ambo. Akarudi kwa ajili yao. Akakamatwa.

Alifungwa katika kambi ya kijeshi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu. Wakati huohuo, mwisho wa Desemba 1960, kundi dogo la askari kutoka Stanleyville liliingia Bukavu, likamkamata rais wa jimbo la Kivu, Jean Miruho, na Kashamura akachukua uongozi hapa. Tarehe 1 Januari 1961 askari wa Mobutu walijaribu kurudisha Bukavu wakipitia Ruanda-Urundi, iliyokuwa bado chini ya Ubelgiji. Walishindwa. Kwa hiyo, wakati Lumumba yuko gerezani, mji wetu ulikuwa upande wa watu wake. Hiyo iliwaogopesha Léopoldville na Brussels. Katikati ya Januari hata askari waliomlinda Thysville waliasi. Wakubwa wakaona akibaki karibu anaweza kutoka.

Tarehe 17 Januari 1961 alisafirishwa kwa ndege mpaka Élisabethville, leo Lubumbashi, kwa adui wake Tshombe. Pamoja naye walikuwa Maurice Mpolo, waziri wa vijana, na Joseph Okito, makamu wa rais wa Senate. Walipigwa ndani ya ndege, wakapigwa tena katika nyumba walimofungiwa. Usiku uleule walipelekwa porini, Shilatembo, wakapigwa risasi mmoja baada ya mwingine. Tshombe na mawaziri wake walikuwako. Maofisa wa Ubelgiji walikuwako. Lumumba alikuwa na miaka 35.

Asidi na kofia ya dhahabu

Wauaji waliogopa kaburi. Kaburi linaweza kuwa pahali pa watu kukusanyika. Siku chache nyuma, polisi mmoja Mbelgiji aliyefanya kazi Katanga, Gérard Soete, alitumwa pamoja na ndugu yake kufukua miili ile mitatu na kuimaliza. Waliikatakata, wakaiyeyusha katika asidi ya salfa, ile kali ya viwandani. Katika hiyo kazi Soete aling'oa meno, akayaweka. Alirudi kwao Ubelgiji nayo. Karibu miaka 40 alinyamaza, kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 akasema mbele ya kamera alichofanya. Alikufa mwaka 2000.

Hapa tusimame kidogo juu ya hilo jino lenyewe, kwa sababu wasikilizaji wengi wanauliza: kwa nini lilikuwa na dhahabu?

Kofia ya dhahabu ni kazi ya munganga wa meno. Mara nyingi inawekwa juu ya jino lililoharibika au kuvunjika, kusudi libaki kinywani lising'olewe. Munganga analichonga pembeni, anachukua kipimo, kisha anatengeneza kofia inayolivaa sawasawa. Dhahabu ilipendwa juu haishiki kutu, haiharibiwi na mate, na haili meno ya upande wa pili wakati wa kutafuna. Hata asidi ya salfa yenyewe haiyeyushi dhahabu. Leo zinatumiwa pia kofia za kauri, nyeupe kama jino.

Jino lina tabaka tatu. Juu kuna ganda gumu kuliko mfupa. Chini yake kuna sehemu laini zaidi. Katikati kabisa kuna chumba kidogo chenye nyama, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, inayoshuka mpaka ncha ya mzizi. Vidudu vya kinywani vinakula sukari, vinatoa asidi, na hiyo asidi inatoboa ganda polepole. Tundu likiwa dogo, linazibwa tu. Likifika chumba cha katikati, hapo ndipo mtu analala akilia usiku, maji ya baridi yanamchoma, na mwishowe shavu linavimba usaha.

Kwetu, mtu akifika hapo anasema moja tu: ling'olewe. Lakini kuna njia nyingine, kutibu mizizi ya jino. Munganga anapiga picha ya rayon X, anachoma sindano ya ganzi, anafunika jino kwa kitambaa cha mpira ili mate yasiingie. Anatoboa juu, anatoa ile nyama iliyooza kwa visindano vyembamba sana, moja moja, katika kila mzizi. Jino la nyuma linaweza kuwa na mizizi miwili au mitatu, na njia ndani yake tatu au nne. Anaosha kwa dawa ambayo asili yake ni ileile ya javel ya nyumbani, ila inapimwa na kutumiwa na mtu aliyesoma, usijaribu mwenyewe. Kisha anakausha, anajaza zile njia kwa utomvu mgumu wa mti wa Asia unaoitwa guta-percha, anaziba juu. Kwa jino la nyuma, mara nyingi anamalizia kwa kofia, sababu jino lililotobolewa hivyo linavunjika rahisi. Likitunzwa, linaweza kudumu miaka mingi. Jino halina uhai tena ndani, lakini linasimama na linatafuna.

Shida ni kumpata huyo munganga. Mwaka 2022 shirika la afya duniani, OMS, lilihesabu watu karibu bilioni 3.5 wenye ugonjwa wa kinywa. Katika Afrika, hesabu yake ya miaka 2014 mpaka 2019 inaonyesha madantisti 0.33 kwa watu 10,000, ni kusema mmoja kwa watu karibu 30,000. Ndiyo maana koleo linashinda.

ADN iliyokaa ndani

Kile chumba cha katikati ya jino kina siri nyingine. Ganda gumu linalinda ADN ya mwenye jino kwa muda mrefu sana, hata nyama na ngozi vikiisha. Ndiyo maana wapelelezi wanatafuta meno kwanza pale mwili umeharibiwa.

Mwaka 2016 binti ya Soete aliongea na gazeti moja la Ubelgiji na akaonyesha jino alilorithi kwa baba yake. Mwandishi Ludo De Witte, ambaye kitabu chake cha mwaka 1999 ndicho kilichofanya bunge la Ubelgiji lichunguze mauaji, alipeleka mashtaka. Polisi wakalikamata jino. Swali likawa: tunajuaje ni la Lumumba? Kupima ADN kungeomba kulitoboa na kulisaga. Jino ni moja tu. Wakipima, familia ingepokea unga. Wakuu wa mashtaka waliamua kutolipima. Walisema hakuna uhakika kamili, lakini namna lilivyopatikana na maneno ya Soete mwenyewe yanatosha ili lirudishwe.

Hiyo haikuwa kazi rahisi kwa familia: kuchagua kati ya kujua na kuzika. Juliana Lumumba, binti yake, aliandikia mfalme Philippe mwaka 2020 akiomba mabaki ya baba yake yarudi kwenye ardhi ya mababu. Septemba 2020 mahakama ya Ubelgiji ikakubali.

Mjane aliyengoja

Mtu mmoja hakuiona siku hiyo. Februari 1961, kifo kilipotangazwa, Pauline Opango alipita katika mitaa ya Léopoldville kifua wazi, nywele zimekatwa, kama desturi ya mjane anayelia. Aliomba mwili wa mume wake. Hakupewa. Watoto walikuwa wamepelekwa Misri, wakalelewa chini ya ulinzi wa Gamal Abdel Nasser. Mtoto wa mwisho alizaliwa baba akiisha kufa. Pauline aliishi zaidi ya miaka 50 tangu siku hiyo, akafa Kinshasa Desemba 2014, bila kaburi la kwenda kuweka maua.

Juni 2022 mfalme Philippe alikuja Kongo, akaeleza masikitiko yake juu ya ukoloni, akafika mpaka hapa Bukavu, kwenye hospitali ya Panzi, tarehe 12. Siku nane nyuma ya hapo, Brussels, waziri mkuu Alexander De Croo alirudia kuomba radhi kwa niaba ya serikali yake. Jino likawekwa katika sanduku la mazishi la ukubwa wa mtu mzima, likapanda ndege. Lilipita kijijini alikozaliwa, ambako sasa kunaitwa Lumumbaville, likapita Kisangani, likapita Shilatembo, pale pa risasi. Bukavu halikufika. Tarehe 30 Juni 2022, siku ya uhuru, lilizikwa Kinshasa, chini ya mnara wa Limete.

Mpolo na Okito hawakurudishiwa kitu. Na haki mbele ya mahakama ilitafutwa: familia ilifungua kesi Ubelgiji mwaka 2011, na Juni 2025 mwendesha mashtaka wa Brussels aliomba Mbelgiji wa mwisho aliyekuwa bado hai kati ya walioshtakiwa afikishwe mahakamani. Wengine wote walikuwa wamekwisha kufa.

Watu wengine wanacheka: mazishi makubwa hivyo kwa jino? Lakini fikiria kazi iliyofanywa usiku ule Katanga. Ilitaka pasibaki kitu, hata kidole. Lililobaki ni lile lililokuwa gumu zaidi mwilini, pamoja na kofia ambayo munganga fulani aliiweka ili mgonjwa wake aweze kutafuna. Kwa hilo moja, watoto wake wamepata pahali pa kusimama na kusema: baba yetu yuko hapa.